Lisemwalo Lipo? Hatia ya Wimbo Usiosikika Maneno

Lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Ni chache methali za Kiswahili zinazomdhulumu mtu kwa wepesi kama hii. Anayesingiziwa jambo hana pa kukimbilia: akikana, huambiwa kwamba watu hawawezi kuzua kitu kisichokuwepo, akithibitisha kuwa hakipo, huambiwa angoje, kitakuja. Walimu huifundisha pamoja na nduguye, ile ya moshi na moto, kana kwamba zote mbili ni kanuni za mantiki. Makala haya yanaipima methali hiyo kwa kisa cha wimbo mmoja wa roki wa miaka ya sitini, wimbo ambao serikali ya Marekani iliutafutia matusi kwa maabara na kwa wapelelezi. Ni kisa kinachoonyesha jinsi hadhira inavyoweza kujitungia kazi ya fasihi, kisha ikamshtaki mtu mwingine kwa kuitunga. Wimbo wenyewe ni "Louie Louie", ulioimbwa na kundi la The Kingsmen la mjini Portland, jimbo la Oregon, mwaka 1963.

Inafaa ifahamike tangu mwanzo kwamba toleo hilo la 1963 lilikuwa la marudio. Mtunzi wa wimbo ni Richard Berry, Mmarekani mweusi aliyezaliwa Louisiana mwaka 1935 na kulelewa Los Angeles. Huyu alikuwa mwimbaji ambaye sauti yake ilijulikana kuliko jina lake. Sauti nzito inayosimulia ghasia za gerezani katika "Riot in Cell Block #9" ya kundi la The Robins mwaka 1954 ni yake, na sauti ya kiume inayomjibu Etta James katika "The Wallflower" mwaka 1955 ni yake vilevile. Katika kazi zote mbili hakutajwa. Mwaka huohuo wa 1955 aliisikia bendi moja ikipiga "El Loco Cha Cha", muziki wa mpiga piano wa Kuba, René Touzet, na mfuatano wa noti katika utangulizi wake ukamnasa asiweze kuusahau. Akaupa maneno. Mwaka 1957 aliurekodi pamoja na waitikiaji wake, The Pharaohs, ukatolewa na kampuni ndogo iliyoitwa Flip.

Maneno ya Berry ni mafupi na yana muundo ambao mwanafunzi wa fasihi ataufurahia. Nafsineni ni baharia wa Jamaica. Ameketi kwenye baa, anamweleza mhudumu aitwaye Louie kwamba hana budi kuondoka. Kuna msichana anayemngoja ng'ambo. Baharia anazihesabu siku za safari, anauwaza mwezi wa nyumbani, anaahidi kwamba atakapofika hataondoka tena. Basi. Hakuna tendo linalotendeka katika wimbo wote, kwa kuwa msemaji bado yuko kitini pake. Kila kitu kinachosimuliwa ni matarajio, na msikilizaji wake wa pekee ni mtu anayelipwa ili amsikilize. Yeyote aliyesoma mashairi ya mapenzi ya pwani, ambamo bahari na pepo za msimu huwatenga wapendanao, hatahitaji kufafanuliwa uchungu wa hali hiyo.

Jambo moja la lugha lisipitwe, kwani ndilo lililozaa balaa baadaye. Berry hakuwa Mjamaika. Alimsemesha baharia wake kwa kuiga Kiingereza cha visiwani Karibi: mtenda anatajwa kwa kiwakilishi ambacho Kiingereza sanifu humtengea mtendwa, na vitenzi vinaachwa bila alama za njeo. Ni uigaji wa mtu aliyeisikia lahaja hiyo katika santuri, na mtaalamu wa lahaja anaweza kuukosoa. Hata hivyo, ulikuwa na kazi ya kisanaa. Ulimpa msemaji kwao. Kabla baharia hajataja Jamaica, sarufi yake imekwisha kuitaja.

Wimbo haukumtajirisha Berry. Ulivuma kwa kiasi katika miji ya pwani ya magharibi, ukafifia, na kabla ya miaka ya hamsini kwisha alikuwa ameuza haki zake kwa dola 750, akihitaji fedha za harusi. Hapana ajabu hapo. Wanamuziki wengi weusi wa enzi ile waliuza kazi zao kwa bei ya kitanda na kabati.

Lakini huko kaskazini-magharibi, katika kumbi za dansi za Seattle, Tacoma na Portland, vijana hawakuuacha. Mwimbaji aliyejiita Rockin' Robin Roberts aliurekodi upya mwaka 1961 akiwa na kundi la The Wailers la Tacoma (wasichanganywe na wale wa Bob Marley). Toleo la Roberts likawa ndilo linalopigwa na kila bendi ya vijana katika eneo lile, na ndilo The Kingsmen waliloliiga. Kwa hivyo wimbo uliofika Portland ulikuwa umetoka Kuba kwa piano, ukavaa ubaharia wa Jamaica mjini Los Angeles, ukapashwa moto Tacoma. Wanaoamini kwamba kazi ya sanaa ina chemchemi moja safi, na kwamba kila anayechota baada ya hapo huyatia maji tope, wana kazi ngumu ya kueleza ni wapi katika safari hiyo maji yalikuwa safi.

The Kingsmen walirekodi tarehe 6 Aprili 1963. Walikuwa vijana wazungu wanaocheza kwenye dansi za wanafunzi, na gharama ya studio ilikuwa takriban dola 50. Kipaza sauti kilining'inizwa juu mno, ikambidi mwimbaji, Jack Ely, ainue kichwa na kupaaza sauti kuelekea darini. Isitoshe, alikuwa na vyuma vya kunyoosha meno. Magita na ngoma zilimzunguka pande zote. Baada ya kipande cha gita, Ely aliingia mapema mno kuanza ubeti wa tatu, akashtuka, akanyamaza. Mpiga ngoma, Lynn Easton, akaliziba pengo kwa mapigo ya haraka hadi wenzake walipojikusanya. Kosa hilo halikufutwa. Limo katika santuri mpaka leo, na bendi kadhaa zilizouiga wimbo baadaye zimeliiga na kosa lenyewe, zikidhani ni sehemu ya utunzi.

Lazima isemwe wazi kwamba santuri hii ni bora kuliko ya Berry. Wapo watakaochukizwa na hukumu hiyo, hasa wale wanaoshikilia kuwa heshima kwa mtunzi inadai kila toleo la baadaye lihesabiwe kuwa duni. Toleo la Berry ni la kupendeza, limetulia, waitikiaji wanaifuatisha besi kwa midomo, na maneno yanasikika yote. Lakini baharia wake hana haraka. Anaweza kuondoka kesho, anaweza kuondoka mwakani. Baharia wa Ely hawezi hata kuyatamka maneno yake vizuri kwa jinsi anavyotaka kuondoka. Kelele, kosa la kuingia mapema na koo linalokaribia kupasuka vinaibeba maana ambayo maneno ya Berry yaliiweka kwenye karatasi tu. Toleo la marudio liliyapoteza maneno na likakipata kilio kilichokuwa ndani yake.

Ni katika upotevu huo wa maneno ndipo mashaka yalipoanza. Mwishoni mwa 1963 santuri iliuzwa nchi nzima na kupanda hadi nafasi ya pili katika orodha ya jarida la Billboard. Vijana wakaanza kunong'onezana kwamba baharia haimbi habari za mwezi wala safari. Ilidaiwa kuwa anaimba, ashakum si matusi, mambo ya chumbani, na kwamba mtu akiicheza santuri hiyo ya mizunguko 45 kwa mwendo wa pole wa mizunguko 33 na thuluthi, atasikia kila kitu bayana. Karatasi zilizoandikwa kwa mkono, zikidai kuwa na "maneno halisi", zilipita kutoka dawati hadi dawati. Wazazi wakazikamata. Mwezi Januari 1964 Gavana wa Indiana, Matthew Welsh, aliutangaza wimbo kuwa mchafu na kuwaomba wenye vituo vya redio jimboni mwake wasiucheze. Barua za malalamiko zilimfikia Mwanasheria Mkuu, Robert Kennedy, na shirika la upelelezi la FBI likafungua jalada. Kusafirisha machafu kutoka jimbo moja hadi jingine ni kosa la jinai katika sheria za shirikisho, na santuri ilikuwa imesafiri sana.

Jalada hilo limekwisha kuwekwa wazi kwa umma, na lina zaidi ya kurasa mia moja. Kulisoma ni kama kusoma vichekesho vilivyoandikwa na watu wasiojua kucheka. Wataalamu wa maabara waliicheza santuri kwa mwendo wa 33, wa 45, na wa 78. Waliilinganisha na zile karatasi za wanafunzi. Kwa takriban miaka miwili, ofisi za miji mbalimbali zilitumiana taarifa. Hitimisho lilikuwa kwamba maneno hayatambulikani, na kwamba kwa sababu hiyo haiwezekani kuthibitisha kuwa ni machafu. Santuri iliponea chupuchupu kwa kukosa ushahidi, mithili ya mshukiwa ambaye shahidi hakumwona uso.

Hapo ndipo mwanafunzi wa lugha anapopaswa kuuliza swali moja jepesi. Maneno ya wimbo yalikuwa yamesajiliwa kwa mujibu wa sheria ya hakimiliki. Mwenye haki za uchapishaji alikuwa anajulikana, na aliwapa wakaguzi nakala. Tena alitangaza zawadi ya dola 1,000 kwa yeyote atakayeonyesha tusi ndani ya santuri. Santuri ya Berry ya 1957, ambayo kila neno lake linasikika, ilikuwepo. Kwa nini basi ushahidi huo wote haukutosha? Kwa nini karatasi iliyoandikwa na kijana asiyejulikana iliaminiwa kuliko maandishi ya mtunzi?

Jibu la kwanza ni lahaja. Mtu aliyezoea Kiingereza sanifu akiyasoma maneno ya Berry alikutana na sarufi aliyofunzwa kuiona kuwa imevunjika. Sarufi iliyovunjika, kwa fikra za wengi, ni dalili ya mtu aliyevunjika maadili. Ni hatua fupi mno kutoka "huyu hasemi sawasawa" hadi "huyu anaficha jambo". Wanafunzi wa Kiswahili wasiwacheke Wamarekani hao kwa sauti kubwa. Hata katika kumbi za mihadhara wapo wanaokutana na Kimvita cha Muyaka au Kiamu cha tenzi za kale na kuyaita "makosa" yale yasiyokubaliana na kamusi ya shule. Anayefikiri hivyo amekwisha kuandaa sikio lake lisikie tusi.

Jibu la pili linatokana na wimbo mwingine. Katika majuma ambayo "Louie Louie" ilikwama katika nafasi ya pili mwezi Desemba 1963, nafasi ya kwanza ilishikwa na "Dominique", wimbo wa mtawa wa Kibelgiji aliyejulikana kwa jina la Sœur Sourire, ulioimbwa kwa Kifaransa. Wamarekani walio wengi hawakujua Kifaransa. Kwao, maneno ya mtawa yalikuwa gizani sawasawa na maneno ya Ely. Hakuna gavana aliyeyatilia shaka, wala hakuna maabara iliyoyapunguzia mwendo. Vazi la kitawa lilikuwa tafsiri ya kutosha. Kwa hivyo hapana ukweli katika dai kwamba watu walikasirishwa na kutoelewa. Walikuwa na nyimbo mbili wasizozielewa. Moja wakaijaza utakatifu, nyingine wakaijaza uchafu, kila moja kwa kadiri ya walivyomfikiria anayeimba. Vijana wanaocheza muziki uliotoka kwa watu weusi hawakupewa dhana njema aliyopewa mtawa.

Yale makaratasi ya wanafunzi nayo yanastahili kutazamwa kwa jicho la kitaaluma. Mtafiti wa tenzi anapokutana na miswada kadhaa ya kazi moja, huilinganisha. Iwapo miswada inatofautiana katika neno hapa na pale, hukisia kwamba ipo asili moja nyuma yake. Makaratasi ya "Louie Louie" yalitofautiana hata katika tukio lenyewe: hili lilisema hivi, lile lilisema vile, na kilichoyaunganisha ni mada tu. Kanuni ya kwanza ya uhakiki wa miswada ingetosha kuonyesha kwamba hayakunakiliwa kutoka katika chanzo kimoja kinachosikika. Kila mwandishi alikuwa mtunzi. Huo ni utunzi wa umma kama ulivyo utunzi wa vitendawili na vichekesho, na una haki ya kuchunguzwa kama fasihi simulizi ya vijana wa Kimarekani. Kosa lilikuwa kuubandika jina la Berry na koo la Ely.

Watakaopinga watasema kwamba mwimbaji ana wajibu wa kueleweka. Kwamba Ely angetamka vizuri, yote haya yasingekuwepo. Hoja hii ina uzito kiasi, kwa sababu wimbo wenye simulizi humdai mwimbaji aifikishe simulizi hiyo. Lakini matamshi bora yasingeiokoa santuri. Pindi uvumi ulipoenea, hata waliosoma maneno ya Berry yakiwa yamechapwa waliendelea kuyasikia mengine, na kila aliyeicheza santuri akiwa na karatasi mkononi alisikia kilichoandikwa kwenye karatasi. Sikio hufuata jicho. Hili linathibitishwa na jambo moja la kuchekesha. Mpiga ngoma Easton alieleza baadaye kwamba wakati wa kurekodi alikosea kwa kijiti chake akapiga ukelele wa tusi, na tusi hilo limo katika santuri, kwa mbali, kabla dakika ya kwanza haijakwisha. Wapelelezi wa serikali nzima, wakiwa na mashine zao na mwendo wa kila namna, waliikagua santuri kwa miaka wakitafuta tusi ambalo halimo, wakalipita lililomo. Hawakuwa wakilitafuta hapo.

Makala haya hayaelekezwi kwa wapelelezi hao pekee, ambao walikwisha kustaafu zamani. Yanahusu pia namna nyimbo zinavyosomwa vyuoni. Aghalabu wimbo hufika darasani ukiwa umekwisha kunakiliwa ubaoni. Mwanafunzi huhesabu mizani, hupanga vina, hutaja tamathali, na sauti ya mwimbaji huachwa mlangoni pamoja na miavuli. Kwa mbinu hiyo, "Louie Louie" ya Berry na "Louie Louie" ya The Kingsmen ni kazi moja, kwa kuwa maneno ni yaleyale. Ilhali kila mwenye masikio anajua kwamba ni kazi mbili. Upande wa pili wapo wanaosema, hasa katika mijadala ya muziki wa kizazi kipya, kwamba maneno si kitu, muhimu ni mdundo. Hao nao wangeridhika na santuri ya Ely bila kujua kwamba ndani ya zile kelele yuko mtu aliyeketi kwenye baa akihesabu siku za bahari. Wa kwanza wanamnyima mwimbaji kazi yake. Wa pili wanamnyima mtunzi yake.

Kunyimana huko hakuishii katika nadharia. Miezi michache baada ya kurekodi, Easton, ambaye jina la kundi lilikuwa limesajiliwa kwake, aliamua kwamba tangu sasa yeye ndiye mwimbaji, na Ely ahamie kwenye ngoma. Ely akajitoa. Santuri ilipovuma, aliyeonekana kwenye televisheni akichezesha midomo alikuwa Easton, huku sauti ikiwa ya Ely. Shauri lilisuluhishwa mwaka 1966: Easton aache kuichezea midomo sauti ya mwenzake, na jina la Ely litajwe katika santuri zitakazochapwa baadaye pamoja na malipo ya dola 6,000. Kundi lenyewe halikuwa na bahati zaidi. Mkataba wa mwaka 1968 uliwaahidi mrabaha wa rekodi zao, na kwa takriban miaka thelathini hawakulipwa chochote, hadi mahakama ya rufani ya shirikisho ilipothibitisha mwaka 1998 kuwa mkataba umevunjwa na rekodi ni mali yao. Wanaokumbuka mabishano ya miaka mingi kuhusu nani mwenye "Malaika" hawatayaona haya kuwa mageni.

Na Berry? Wakati nchi nzima ikibishania maneno yake, hakupata senti, kwa sababu hayakuwa yake tena. Katikati ya miaka ya themanini alikuwa akiishi Los Angeles kwa msaada wa serikali, kampuni moja ya vinywaji ilipotaka kuutumia wimbo katika tangazo na kuhitaji saini yake. Hapo ndipo mawakili walipojitokeza kumpigania, na akarejeshewa sehemu ya haki zake pamoja na fedha za kumtoa katika ufukara. Alifariki Januari 1997. Ely alifariki mwaka 2015. Ifahamike kwamba kilichomwokoa Berry ni toleo la The Kingsmen. Bila vijana wale wa Portland na kipaza sauti chao kilichoning'inizwa vibaya, santuri ya 1957 ingekuwa ya wakusanyaji wachache, na hakuna kampuni ambayo ingemtafuta. Marudio yalimpora sauti, kisha yakamlipa deni, na hukumu yoyote juu yake isiyotaja yote mawili ni pungufu.

Imebaki nusu ya pili ya ile methali: kama halipo, laja. Lilikuja. Mwezi Februari 1974, katika tamasha lao la mwisho la enzi ile jijini Detroit, kundi la The Stooges lilifunga kwa "Louie Louie", na mwimbaji wao, Iggy Pop, aliuimba kwa matusi ya waziwazi mbele ya hadhira iliyokuwa ikimtupia chupa. Onyesho hilo lilitolewa katika santuri mwaka 1976. Mwaka 1981 kundi la Black Flag la California liliurekodi likiwa na maneno mapya ya mwimbaji wao, Dez Cadena, yaliyojaa uchungu usiokuwa na bahari wala Jamaica. Mnamo 1993 Iggy Pop aliurudia tena, safari hii akitia humo siasa za dunia. Waimbaji hao hawakuuimba wimbo wa Berry. Waliuimba uvumi. Miaka kumi na moja baada ya Ely kupaaza sauti kuelekea darini, tusi ambalo FBI haikuliona lilikuwa limepata mtu wa kulitamka, na kijana aliyelinunua aliweza kujiambia kwamba wazee hawakukosea.

Hiyo ndiyo hila ya methali. Haitabiri, inaagiza. Watu wakiambiwa kwa muda wa kutosha kwamba wimbo ni mchafu, atapatikana wa kuuchafua, na uchafu wake utatumiwa kuwa ushahidi dhidi ya wale wa kwanza. Iggy Pop ana haki ya kuimba atakavyo, na toleo lake la 1974, kwa ukali wake, ni la kweli kuliko karatasi zote za wanafunzi, kwa kuwa angalau limetiwa saini na mwenyewe. Anayestahili lawama ni yule anayerudi nyuma kutoka 1974 kwenda 1963, na kutoka 1963 kwenda 1957, akiwa na tusi mkononi, akitafuta wa kumvika.

Watu wa namna hiyo hawakwisha. Mwezi Mei 2005, katika mji wa Benton Harbor, jimbo la Michigan, msimamizi wa shule aliikataza bendi ya wanafunzi kuupiga "Louie Louie" katika gwaride la mji, kwa sababu ya sifa mbaya ya maneno yake. Bendi ilikuwa ya ala za kupuliza na ngoma. Hakuna mtoto aliyepangiwa kuimba. Wazazi walipojitokeza kuwaunga mkono wanao, katazo liliondolewa, na tarumbeta zikaruhusiwa kupita barabarani zikipiga zile noti za utangulizi wa Touzet, bila neno hata moja.